Namna ya Kuondoa Naitrojeni kwenye Maji Taka ya Bweni kwa Msaada wa Bakteria wa Asili

Maji yanayotoka kwenye tangi la maji taka la shule ya bweni huonekana kama yamekwisha kusafika, kwa kuwa kinyesi kimetuama chini na maji ya juu yamekuwa mepesi. Kwa upande wa naitrojeni, hata hivyo, karibu hakuna kilichoondoka. Urea iliyokuwamo ndani ya mkojo imegeuka amonia, na amonia hiyo hutoka pamoja na maji kuelekea mtaroni, mtoni na hatimaye ziwani. Kwa shule na vyuo vilivyojengwa kando ya Ziwa Victoria, kuanzia Mwanza na Musoma hadi Homa Bay na Kisumu, madhara yake yanaonekana kwa macho: maji ya ghuba hugeuka kijani, gugumaji hustawi, na mwani unapokufa na kuoza hutumia oksijeni ambayo samaki wanaihitaji. Maji hayo yakizama ardhini badala ya kwenda ziwani, amonia hugeuka nitrati, aina ya naitrojeni inayoyeyuka na kusafiri na maji, na kuingia visimani. Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha miligramu 50 za nitrati kwa kila lita ya maji ya kunywa, kwa sababu mtoto mchanga anayenyweshwa maziwa yaliyokorogwa kwa maji yenye nitrati nyingi anaweza kupungukiwa na uwezo wa damu yake kubeba oksijeni.

Mwongozo huu unaeleza namna ya kujenga mfumo mdogo, wenye kitanda cha mchanga na mtaro wa vipande vya mbao, ambao huwaachia bakteria kazi ya kuigeuza naitrojeni hiyo kuwa gesi isiyo na madhara. Umeandikwa kwa ajili ya msimamizi wa shule, fundi wa maji na kamati ya mazingira, na mfano wake ni bweni la watu 100 ambalo tayari lina tangi la maji taka lenye vyumba viwili. Ukiwa na idadi nyingine ya watu, hesabu zote zitapanda au kushuka kwa uwiano uleule.

Kazi ya bakteria, na kwa nini mpangilio wake ni muhimu

Bakteria wanaohitajika hawanunuliwi. Wamo kwenye udongo, kwenye tope la mto na kwenye maji taka yenyewe, na pakiti za unga wa bakteria zinazouzwa madukani kwa kazi hii sishauri zinunuliwe, kwani mazingira yakiwa sahihi watakuja wenyewe, na yakiwa mabaya hata walionunuliwa watakufa. Jukumu la mjenzi ni kuwaandalia makao mawili yasiyofanana, moja baada ya jingine.

Makao ya kwanza lazima yawe na hewa nyingi. Humo ndimo bakteria wa jamii ya Nitrosomonas huigeuza amonia kuwa nitriti, na wengine wa jamii ya Nitrospira na Nitrobacter huigeuza nitriti kuwa nitrati. Mwanasayansi Sergei Winogradsky ndiye aliyewatenga bakteria wa aina hii kwa mara ya kwanza mnamo mwaka 1890, akaonyesha kwamba hujipatia nishati kutokana na amonia yenyewe wala hawahitaji kula mabaki ya viumbe. Ni viumbe vinavyozaliana polepole na vyenye njaa kubwa ya oksijeni: kila gramu moja ya naitrojeni ya amonia inayogeuzwa kuwa nitrati hutumia takriban gramu 4.6 za oksijeni.

Makao ya pili lazima yakose oksijeni lakini yawe na chakula chenye kaboni. Humo bakteria wa aina nyingi, ambao kwa kawaida wangetumia oksijeni kupumua, hulazimika kutumia nitrati badala yake, na mwisho wa upumuaji huo ni gesi ya naitrojeni, ileile ambayo ni asilimia 78 ya hewa tunayoivuta. Mifumo mingi ninayoiona ikishindwa, imeshindwa kwa kosa la mpangilio. Maji yakipelekwa kwanza mahali pasipo na hewa, amonia haitaguswa, na nitrati ambayo ingepaswa kuondolewa humo bado haijatengenezwa. Yakipelekwa penye hewa peke yake, amonia itageuka nitrati na kubaki hivyo, na kisima cha jirani kitapata hasara kubwa kuliko awali.

Kupima mzigo kabla ya kuchimba

Mtu mmoja hutoa takriban gramu 7 hadi 10 za naitrojeni kwa siku, kutegemea kiasi cha protini anachokula. Kwa bweni letu tuchukue gramu 8, yaani gramu 800 kwa siku kwa watu 100. Ikiwa kila mmoja anatumia lita 50 za maji, jumla ni lita 5,000, na kila lita itakuwa na miligramu 160 za naitrojeni. Hicho ni kiwango kikubwa kuliko kile kinachotajwa katika vitabu vingi vya Ulaya na Marekani, ambako watu hutumia maji mengi zaidi na hivyo kuuzimua uchafu wao. Kwa hiyo usinakili mchoro wa huko bila kupiga hesabu upya.

Kabla ya kutafuta mchanga na kokoto, fikiria kwanza mkojo, kwa kuwa ndio wenye takriban asilimia 80 ya naitrojeni yote inayotoka mwilini. Shule inayoweza kutenga mkojo wa wavulana kwenye sehemu ya kukojolea isiyotumia maji, na kuuhifadhi ndani ya madumu yaliyofungwa vizuri kwa mwezi mmoja hadi sita kabla ya kuutumia kama mbolea ya mahindi au migomba, inapunguza mzigo kwa gharama ndogo kuliko ujenzi wowote nitakaoueleza hapa. Nusu ya mkojo ikitengwa, theluthi moja au zaidi ya naitrojeni haitaingia kwenye tangi kabisa, na vipimo vyote vinavyofuata vitapungua.

Kitanda cha mchanga chenye hewa

Kitanda hiki hujengwa baada ya tangi, mahali palipo chini kidogo ili maji yateremke, umbali usiopungua mita 30 kutoka kisima chochote. Kwa hali ya joto ya kanda ya ziwa, mita mbili za mraba kwa kila mtu zinatosha, yaani mita 200 za mraba kwa bweni zima. Gawa eneo hilo katika vitanda vinne vya mita 50 za mraba, ili vitatu vifanye kazi na kimoja kipumzike kwa wiki nzima kwa zamu. Mapumziko hayo hukausha utando wa uchafu unaoziba mchanga, na shule zinazoyapuuza hujikuta baada ya mwaka mmoja na madimbwi juu ya vitanda.

Chimba kina cha takriban mita moja na kutandika plastiki nzito ya mabwawa, au jenga kwa matofali na lipu isiyopitisha maji. Chini weka sentimita 20 za kokoto, na ndani yake laza mabomba yenye matundu yanayokusanya maji. Mwisho wa kila bomba upandishwe wima hadi juu ya kitanda na uachwe wazi, ukiwa umefunikwa kwa wavu, ili hewa iingie kwa kutokea chini. Juu ya kokoto mwaga sentimita 60 hadi 80 za mchanga wa mto wenye chembe kubwa, kisha sentimita 5 hadi 10 za kokoto ndogo ambamo mabomba ya kusambazia maji yatalazwa.

Ubora wa mchanga ndio unaoamua hatima ya kitanda. Chukua chupa ya kioo, weka mchanga nusu, ongeza maji, tikisa kwa nguvu, kisha iache ikae. Ikiwa maji yanabaki na rangi ya tope baada ya dakika kadhaa, au tabaka la udongo laini linajitokeza juu ya mchanga, mchanga huo uoshwe tena au ukataliwe. Fundi atasema mchanga wa kujengea unatosha. Kwa nyumba unatosha, kwa kazi hii mara nyingi hautoshi.

Maji yasiachwe yatiririke mfululizo. Yakusanywe kwanza kwenye kisima kidogo chenye pampu au sifoni, kisha yamwagwe kwa mkupuo, kiasi cha kufunika kitanda kwa sentimita mbili au tatu, mara mbili au tatu kwa siku kwa kila kitanda. Mkupuo unaposhuka ndani ya mchanga huvuta hewa mpya nyuma yake, na hapo ndipo bakteria wa amonia hupata oksijeni yao. Panda matete juu ya kitanda, kwa umbali wa nusu mita kati ya shina na shina. Mizizi yake huzuia mchanga usigande, ingawa kazi kubwa ya kuondoa naitrojeni hubaki kuwa ya bakteria.

Tatizo moja huwakuta wengi bila kutarajia. Ugeuzaji wa amonia huzalisha asidi, na kila gramu ya naitrojeni hutumia takriban gramu 7 za uwezo wa maji kuhimili asidi, ukipimwa kama chokaa. Maji taka yenye mkojo mwingi hayana uwezo wa kutosha, hivyo bakteria hufanya kazi hadi karibu nusu ya njia, pH (kipimo cha asidi ya maji) ikashuka chini ya 6.5, nao wakalegea. Kokoto za Mwanza ni za graniti, na graniti haina chokaa ya kusaidia. Changanya mawe ya chokaa yaliyovunjwa kwenye tabaka la juu la kokoto na katika kisima cha pampu, na yaongeze kadiri yanavyoyeyuka. Pwani, ambako jiwe la matumbawe linapatikana kila mahali, tatizo hili hutatulika kwa urahisi zaidi.

Kurudisha sehemu ya maji nyuma

Hatua hii huachwa na wajenzi wengi, nami naiona kuwa yenye faida kubwa kuliko zote kwa gharama yake. Chukua sehemu ya maji yaliyopita kwenye mchanga, ambayo sasa yana nitrati, na uyarudishe kwenye chumba cha pili cha tangi kwa pampu ndogo. Humo hakuna oksijeni, na kaboni imo kwa wingi ndani ya maji taka yenyewe, kwa hiyo bakteria wa hatua ya pili huanza kuiondoa nitrati bila kuhitaji chakula kutoka nje. Ukirudisha kiasi kinacholingana na maji mapya yanayoingia, yaani lita 5,000 kwa siku, unaweza kuondoa hadi karibu nusu ya naitrojeni. Zaidi ya hayo, kuondolewa kwa nitrati hurejesha karibu nusu ya uwezo wa kuhimili asidi uliopotea, na hivyo mawe ya chokaa yanayohitajika hupungua.

Pampu ya sola inayofanya kazi mchana pekee inatosha. Bomba la kurudishia lifike juu ya tope na maji yaingie kwa utulivu, kwa kuwa yakiingia kwa kishindo yatalivuruga tope na kulisukuma kuelekea kwenye vitanda.

Mtaro wa vipande vya mbao

Nitrati iliyobaki hupelekwa kwenye mtaro uliojaa vipande vya mbao na kujaa maji, usioingiza hewa. Mbinu hii ilianza kujaribiwa nchini Canada na New Zealand katika miaka ya 1990, na katika jimbo la Iowa nchini Marekani hutumika pembezoni mwa mashamba ya mahindi kusafisha maji yanayotoka kwenye mabomba yaliyofukiwa chini ya mashamba hayo. Mbao huoza polepole sana zikiwa ndani ya maji, na kaboni inayotoka kidogo kidogo ndiyo chakula cha bakteria.

Mita moja ya ujazo ya vipande huondoa kati ya gramu 2 na 20 za naitrojeni kwa siku, kutegemea joto la maji, umri wa mbao na wingi wa nitrati. Kwa tahadhari tumia gramu 5. Ikiwa baada ya kurudisha maji tunabakiwa na gramu 400 kwa siku, mtaro unahitaji mita 80 za ujazo: kina cha mita moja, upana wa mita 5 na urefu wa mita 16. Ni shimo kubwa, na ndiyo maana nimesisitiza suala la mkojo mwanzoni.

Vipande viwe vya sentimita moja hadi tano. Unga wa mbao na maranda membamba huziba, na majani mabichi huoza upesi kupita kiasi. Mbao zilizotiwa dawa ya kuzuia mchwa zisitumike kamwe, kwani baadhi ya dawa hizo zina shaba na aseniki. Magunzi ya mahindi huondoa nitrati haraka kuliko mbao, lakini huisha upesi; yanaweza kujazwa sehemu ya mwanzo ya mtaro, mahali ambapo ni rahisi kufukua na kuyabadilisha.

Maji yaingie upande mmoja na kutoka upande wa pili kupitia bomba lenye kiwiko kinachoweza kuinuliwa au kushushwa, ili kimo cha maji ndani ya mtaro kirekebishwe bila kuchimba. Funika vipande kwa kitambaa kinachopitisha maji, kisha sentimita 20 hadi 30 za udongo na nyasi. Maji yabaki chini ya uso wakati wote. Katika kanda ambayo malaria na kichocho ni maradhi ya kila siku, dimbwi la wazi kwenye uwanja wa shule halikubaliki, hata kama lingesafisha maji vizuri.

Miezi ya kwanza

Bakteria wa amonia huhitaji wiki nne hadi nane kabla ya kujaa kwenye mchanga. Unaweza kuwaharakisha kwa kumwaga ndoo kadhaa za mchanga kutoka kitanda kingine kinachofanya kazi. Katika kipindi hiki nitriti hupanda kisha kushuka, kwa kuwa kundi la kwanza la bakteria hutangulia kundi la pili. Ni dalili njema, si hitilafu. Mtaro wa mbao nao hutoa maji ya rangi ya kahawia kwa wiki za mwanzo, yenye uchafu wa mbao unaokula oksijeni. Yamwagilie miti badala ya kuyaelekeza mtoni.

Kila wiki katika mwezi wa kwanza, kisha kila mwezi, pima pH, amonia, nitriti na nitrati mahali patatu: maji yanapotoka kwenye tangi, yanapotoka kwenye mchanga, na yanapotoka kwenye mtaro. Karatasi za kupimia zinatosha kwa usimamizi wa kawaida. Soma kwa makini kama karatasi inaonyesha nitrati yenyewe au naitrojeni iliyomo ndani ya nitrati, kwa kuwa miligramu 50 za nitrati ni sawa na takriban miligramu 11 tu za naitrojeni, na kosa hilo limewafanya wengi kuamini kuwa mfumo wao ni mbovu au mzuri bila sababu. Rangi ikizidi upeo wa karatasi, zimua sampuli mara kumi kwa maji ya mvua na uzidishe jibu kwa kumi.

Amonia ikiwa juu baada ya mchanga, angalia kwanza kama maji yanasimama juu ya kitanda, kisha pima pH. Nitrati ikiwa juu baada ya mtaro wakati amonia ni kidogo, basi maji yanapita haraka mno, au yamepata njia ya mkato, au hewa inaingia. Inua kiwiko ili maji yajae zaidi. Harufu ya yai bovu kwenye bomba la mwisho ina maana tofauti kabisa: nitrati imekwisha njiani, na bakteria wengine wameanza kutumia salfati. Hapo shusha kiwiko ili muda wa maji ndani ya mtaro upungue. Usijaribu kuufanya mtaro usiwe na harufu kwa kuupulizia hewa, kwani oksijeni kidogo huwafanya bakteria waishie njiani na kutoa oksidi ya naitrasi, gesi inayopasha joto dunia takriban mara 270 kuliko kaboni dayoksaidi kwa uzito uleule. Lengo linalofaa ni naitrojeni ya nitrati iliyo chini ya miligramu 10 kwa lita kwenye bomba la mwisho, mwaka mzima.

Mipaka ya njia hii, na mafunjo yaliyopo tayari

Mfumo huu hauondoi fosforasi, isipokuwa kiasi kinachoshikwa na mchanga kwa muda. Hilo ni jambo zito kwa Ziwa Victoria, ambako baadhi ya bakteria wa kijani-buluu wanaweza kujitengenezea naitrojeni kutoka hewani mradi fosforasi ipo. Kwa hiyo maji ya mwisho ni afadhali yamwagilie bustani ya miti au migomba, ambako fosforasi itatumika, kuliko kwenda moja kwa moja ziwani. Hayafai kunywewa wala kumwagilia mboga zinazoliwa mbichi.

Pale ambapo ukanda wa mafunjo bado upo kati ya shule na ziwa, uachwe. Tope lililo chini ya mafunjo ni mtaro wa mbao uliojijenga wenyewe, lakini hufanya kazi pale tu maji yanapoenea polepole ndani yake. Kinamasi cha Nakivubo mjini Kampala, kinachopokea maji taka ya jiji kabla hayajafika Ghuba ya Murchison, kimetufundisha hilo kwa gharama: sehemu zake zimelimwa magimbi na miwa, na maji yanayopita mkondoni hukutana na mizizi michache sana. Nchini Tanzania, Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inalinda ukanda wa mita 60 kutoka kwenye kingo za mito na maziwa, na mfumo wako ujengwe nje ya ukanda huo. Kutiririsha maji taka yaliyosafishwa kunahitaji kibali cha bodi ya maji ya bonde kwa upande wa Tanzania, na leseni ya NEMA, mamlaka ya taifa ya mazingira, kwa upande wa Kenya. Anza maombi kabla ya kuchimba, ukiwa na michoro na hesabu za mzigo mkononi.

Matunzo ya miaka inayofuata si mengi, ila hayasubiri. Tope la tangi linyonywe kabla halijafika theluthi moja ya kina chake, na mtu yeyote asiingie ndani ya tangi kwa sababu yoyote, kwa kuwa gesi zilizomo huua ndani ya dakika chache. Matete yakatwe mara moja au mbili kwa mwaka na kuondolewa kabisa kitandani, maana yakiachwa yaozee hapo hurudisha naitrojeni yaliyoibeba. Udongo juu ya mtaro utashuka taratibu kadiri mbao zinavyooza. Ukishuka kiasi cha robo ya kina, au nitrati ikianza kupanda ilhali maji hayajaongezeka, fukua na ujaze vipande vipya. Kwa vipande vizuri hilo hutarajiwa baada ya miaka kumi hivi, na mapema kidogo katika nchi za joto. Mabaki yaliyofukuliwa yarundikwe na kufunikwa kwa mwaka mmoja, kisha yatandazwe chini ya miti ya mbao ya shule.